Bao la Mwisho la Damascène Mbonigaba, Dereva wa Rugerero

Jean Damascène Mbonigaba alibatizwa katika kanisa la misheni ya Nyundo siku ya Jumapili, tarehe 27 Machi 1927. Ilikuwa sikukuu ya mtakatifu Yohane wa Damasko, na padre hakuhangaika kutafuta jina lingine. Baba yake, marehemu Sebahire, alikuwa mkulima wa Rugerero. Mama yake ni Mukabalisa, ambaye amekaa hapa mbele leo. Damascène alikuwa mtoto wake wa tatu na wa mwisho, baada ya Mugabo na Mukamurenzi. Mama husimulia kwamba mtoto huyo, akiwa bado mgongoni, aliinua shingo mapema kuliko watoto wote wa kilimani, akichungulia juu ya bega lake kutazama barabara. Wanawake waliokutana naye njiani walimwambia, "Huyu hatakulimia shamba." Hawakukosea.

Aliingia shule ya misheni ya Nyundo mwaka 1935. Hesabu alizipenda, katekisimu aliikariri kwa kulazimishwa, na mpira aliucheza kila kengele ilipolia. Mpira wenyewe ulikuwa wa majani makavu ya mgomba yaliyofungwa kwa kamba, mwepesi, usioumiza mtu. Wenzake waliupiga kwa miguu. Yeye aliupiga kwa kichwa, kwa sababu alikuwa mwembamba na mrefu, na wakubwa walimkanyaga kila alipojaribu kuuchukua chini.

Mwaka 1943 baba yake alifariki, na njaa iliyoitwa Ruzagayura ikaingia katika kila nyumba ya Rugerero. Damascène aliacha shule, akafuatana na kaka yake Mugabo kwenda Goma kutafuta kazi ya kubeba magunia. Jambo moja la miezi ile halikuwahi kusemwa na Mugabo mwenyewe. Damascène ndiye aliyemsimulia mkewe, miaka mingi baadaye. Mugabo alikuwa anakula siku moja na kuacha siku moja, ili mdogo wake ale kila siku. Anayetaka kuelewa yaliyotokea wiki iliyopita katika familia hii aanzie hapo.

Huko Goma Damascène alijifunza Kiswahili na akajifunza magari. Alianza kwa kupakia, akawa tanboi, mtu wa kupanda nyuma ya lori na kuweka jiwe chini ya gurudumu kila gari liliposimama mlimani. Dereva wake alikuwa Dauda, mtu wa familia za Kiislamu za mjini Gisenyi, aliyemzidi umri kwa miaka minane. Mwaka 1948, lava ilipotiririka upande wa Sake na watu wakahamisha vitu vyao, Dauda alimwachia usukani kwa mara ya kwanza, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa na homa. Kwenye mteremko wa kwanza Damascène alianza kulibembeleza lori kwa maneno matamu.

"Gari haina masikio, Dama," Dauda alimwambia akiwa amejifunika blanketi. "Kama unataka isimame, tumia muguu, hapana mudomo."

Leseni yake aliipata tarehe 11 Septemba 1950. Mzungu aliyemtahini alimwamuru apande kilima kwa kurudi nyuma, lori likiwa limejaa mchanga. Damascène alitoa kichwa dirishani, akageuza shingo mpaka kidevu kikalala begani, akapanda hadi juu bila kugusa ukingo. Tangu siku hiyo aliendesha lori la mfanyabiashara mmoja wa Gisenyi, akibeba kahawa na viazi kati ya Ruhengeri, Mahoko na gati ya Gisenyi. Katika miaka yote hiyo hakugonga mtu.

Mkewe, Épiphanie Mukandutiye, alikutana naye katika soko la Mahoko mwaka 1951. Épiphanie alikuwa ametoka Nyundo na vikapu vya kabichi vya baba yake. Wapakiaji walikuwa wakizirusha kabichi hizo, ambazo kwetu huitwa shu, juu ya lori. Moja ikawaponyoka, ikawa inamwangukia yeye. Damascène, aliyekuwa amesimama kando, aliruka akaipiga kwa kichwa, ikavuka barabara na kutua katika kikapu cha mtu mwingine.

"Mwanaume anayepiga shu kwa kichwa," Épiphanie aliuliza, "kichwa yake iko na nini ndani?"

"Iko na nafasi," Damascène alijibu. "Unaweza kuingia."

Sokoni walicheka kwa muda mrefu. Épiphanie hakucheka mbele yao. Alicheka akiwa njiani peke yake, na alipofika Nyundo alikuwa ameshaamua. Walifunga ndoa katika kanisa la Nyundo tarehe 6 Oktoba 1951, wakajenga Rugerero, hatua chache kutoka kwa mama. Walijaliwa watoto watatu. Hakuwa mume wa kusema mengi nyumbani. Kila aliporudi safari, alisimamisha lori barabarani, akapiga honi mara moja, na mtoto mkubwa alishuka mbio kumpokea. Honi ile majirani waliitumia kujua kwamba ni wakati wa kuinjika chungu.

Mwaka 1953 madereva na matanboi wa Gisenyi walianzisha timu ya mpira, nao wakamchagua kuwa kapteni. Wapinzani wao wakubwa walikuwa timu ya ziwani, yaani wavuvi na mabaharia wa mashua za mizigo, na kapteni wao alikuwa Twagirimana, nahodha wa mtumbwi. Watu hawa wawili walikabana uwanjani kwa miaka minne, na nje ya uwanja walikuwa marafiki wa karibu. Timu zao zilikuwa na desturi yao: kapteni aliyeshindwa alimwalika kapteni aliyeshinda nyumbani kwake kabla wiki haijaisha, akamwekea mtungi wa pombe ya ndizi, unaonywewa na wote kwa mrija mmoja. Maneno ya uwanjani yalimalizwa kwenye mrija, hayakuingia Jumapili nyingine.

Damascène alikuwa na pigo lake, na kila aliyefika kiwanja cha kando ya ziwa anakumbuka. Mpira wa kona ulipokuja, alikimbia mbele akaupita kidogo, akaruka, kisha akageuza shingo kwa ghafla na kuurudisha langoni kwa upande wa kichwa. Madereva waliliita pigo hilo "kurudisha lori". Alilifanyia mazoezi uani kwake kwa ndimu. Mpira wa mechi, hata hivyo, ni wa ngozi. Unaponyeshewa hunywa maji, na kufikia kipindi cha pili huwa mzito kama jiwe la kusagia.

Siku ya Jumapili, tarehe 28 Aprili mwaka huu, mvua ilinyesha tangu misa ya kwanza. Timu hizo zilikutana alasiri. Karibu na mwisho zilikuwa sare, bao moja kwa moja. Dauda alipiga kona. Damascène alikimbia, akaruka, akageuza shingo, na mpira ukaingia pembeni kabisa. Hakuna mtu aliyemgusa. Twagirimana, aliyepaswa kumkaba, alikuwa ameteleza na kukaa kwenye tope, mbali naye. Wachezaji wa timu zote mbili waliliona hilo, nao wamelirudia kila walipoulizwa.

"Mimi nilikuwa nimekaa chini kama mugeni wa arusi," Twagirimana mwenyewe alisema jioni ile, watu wakacheka. "Bao nililiangalia vizuri kuwapita nyote."

Damascène naye alicheka, huku akisugua shingo chini ya sikio la kushoto. "Imelia," alimwambia Dauda. "Imesema tak."

Lilikuwa bao zuri kuliko yote aliyowahi kufunga. Pia ndilo lililomuua. Familia imeamua jambo hili lisemwe wazi, mbele ya watu wote, na hatua zake ni kama ifuatavyo.

Jumatatu Damascène aliamka na maumivu ya kichwa upande wa kushoto. Épiphanie alimwekea kitambaa cha maji moto. Alikwenda kazini.

Jumanne jioni walikuwa wamekaa kula, mama yake akiwepo. Épiphanie aliona mumewe anamkonyeza. Aliona aibu, kwa kuwa mkwe alikuwa mbele yao.

"We, acha kunifinyia jicho mbele ya mama."

"Jicho gani? Mi sijafinya kitu."

"Ile ya kushoto. Iko nusu ya kulala."

"Basi imechoka mbele ya ile ingine," Damascène alisema. "Haya macho hayafanyi kazi sawa. Ya kushoto ndiyo inaangalia barabara."

Mama Mukabalisa alicheka, akasema amwache mtoto wake alale. Kope ile haikuinuka tena. Épiphanie alisogeza taa akaitazama vizuri: kope ilikuwa imeshuka, na mboni ya jicho lile ilikuwa ndogo kuliko ya pili. Alimwambia aende hospitali. Damascène alimjibu kwamba ataenda Jumamosi, lori likipumzika.

Jumatano, katika soko la Mahoko, alimwomba Dauda, aliyekuwa naye ndani ya lori, ashuke amwelekeze kwa mkono wakati wa kurudi nyuma. Jambo hilo lilikuwa halijawahi kutokea.

"Mwalimu wa kurudi nyuma leo anaomba mafundisho?" Dauda alimuuliza.

"Shingo imechukua konji," Damascène alisema. "Itarudi kazini juma ijayo."

Alhamisi, tarehe 2 Mei, alikwenda kwa Twagirimana kunywa pombe ya aliyeshindwa. Dauda alimsindikiza, naye akanywa chai yake. Kila mtu aliyeketi hapa anajua adabu ya mtungi: mwenye nyumba huinama kwanza, akavuta funda moja mbele ya macho ya wageni, ndipo akawapa mrija. Hufanya hivyo ili wageni wajue kwamba kinywaji ni salama. Twagirimana aliinama afanye hivyo. Damascène akamnyang'anya mrija.

"Mushindi hawamuonjei," alisema.

"We Dama, acha nionje kwanza. Watu watasema nini?"

"Watasema nilikuwa na kiu."

Akavuta. Waliokuwepo walicheka mpaka wakajishika mbavu. Baada yake Twagirimana alikunywa mtungi uleule, na wengine wanne. Wote wako hapa na ni wazima.

Ijumaa asubuhi Damascène aliwasha lori na kukaa nyuma ya usukani. Lori halikuondoka. Dauda, akiwa amesimama chini, aligonga mlango akamuuliza kama anasubiri baraka ya padre. Damascène alikuwa anautazama mkono wake wa kulia uliokuwa juu ya gia. Mkono haukusogea. Alifungua mdomo aseme neno, na neno halikutoka. Dauda alipanda, akamsukuma upande wa pili, akaendesha moja kwa moja hadi hospitali ya Gisenyi huku amemkumbatia kwa mkono mmoja asianguke.

Kabla ya saa sita mchana wa siku hiyo, neno lilikuwa limefika ziwani, sokoni na Rugerero: Damascène alikunywa kwa Twagirimana, na Twagirimana hakuonja kwanza. Waliokumbushwa kwamba Twagirimana alikunywa mtungi huohuo walijibu kwamba sumu ilikuwa kwenye ncha ya mrija, na mnywaji wa kwanza ndiye aliyeimaliza. Mugabo aliamini hivyo. Hakuamini kwa ubaya. Alikuwa amemlinda mdogo wake tangu njaa, na sasa alitafuta mtu wa kumlinda dhidi yake.

Jumamosi Twagirimana alifika hospitali. Épiphanie alikuwa amekaa kwenye mkeka kando ya kitanda, Mugabo amesimama mlangoni. Damascène alipomwona rafiki yake, aliunyoosha mkono wa kushoto, uliokuwa mzima, akamshika kifundo cha mkono asimwachie. Alijitahidi kusema. Midomo ilitembea bila sauti yenye maana, na machozi yakamtoka.

"Munaona?" Mugabo aliwaambia waliokuwa nje. "Anatuonyesha mutu aliyemufanyia hii."

Épiphanie alikuwa karibu kuliko Mugabo. Aliona kidole gumba cha mumewe kinapapasa ule mkono taratibu, kama mtu anayemtuliza mtoto. Alijua kwamba Damascène alikuwa ameyasikia maneno ya nje na alitaka kuyakanusha, lakini hakuwa na kinywa cha kuyakanushia. Tangu saa hiyo aliichukua kazi hiyo iwe yake.

Damascène Mbonigaba alifariki Jumapili, tarehe 5 Mei 1957, saa sita na robo mchana, akiwa na umri wa miaka thelathini. Mama yake na mkewe walikuwa wamemshika.

Siku hiyohiyo wanawake wa sokoni waliacha kununua samaki wa Twagirimana. Kikapu chao kilikaa mpaka kikanuka. Mkewe na watoto walifunga mlango. Jioni, vijana wa timu ya madereva walisema uani, bila kupunguza sauti, kwamba kaburi likishafunikwa watashuka ziwani kuuchoma mtumbwi, na mwenye mtumbwi akiwemo ndani, shauri yake. Épiphanie aliwasikia akiwa ndani, na Mugabo aliwasikia akiwa nje.

Jumatatu asubuhi Épiphanie alikwenda kwa daktari wa hospitali, ambaye ni Mzungu. Alimweleza yote kwa utaratibu: mpira, maumivu, kope, shingo, mtungi, mkono. Daktari alimsikiliza bila kumkatiza, akamuuliza mara mbili kope ilishuka siku gani. Kisha akasema kwamba anadhani ni mshipa mkubwa wa damu wa shingoni, lakini kudhani si kujua. Ili kujua, lazima shingo ifunguliwe.

Épiphanie alirudi uani na habari hiyo. Mugabo alikataa.

"Hatutamufungua ndugu yangu kama mbuzi."

Nyumbani huzungumzwa Kinyarwanda. Épiphanie alimjibu kwa Kiswahili, ili madereva wote wasikie, pamoja na watu wa mjini waliokuja kukaa matanga.

"Shemeji, mbuzi wanamufungua ili wamukule. Huyu tunamufungua ili Twagirimana wasimukule."

"Mutu amekufa kwa pombe ya mutu. Unataka nini zaidi?"

"Jicho ililala Jumanne. Pombe ilikuwa Alhamisi. Sumu gani inaanza kuua mbele haijanywewa?"

"Ni wewe peke yako uliona hiyo jicho."

"Mimi pia nilikuwa pale." Hiyo ilikuwa sauti ya Mama Mukabalisa, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu msiba uanze. "Nilicheka. Nikamwambia amwache mtoto wangu alale. Ilikuwa Jumanne, Mugabo. Mumufungue."

Épiphanie hakumpa Mugabo nafasi ya kushindwa mbele ya watu. Alimwambia, kwa sauti ya chini na kwa Kinyarwanda, kwamba hamwombi aamini neno la mwanamke wala la Mzungu. Anamwomba aingie chumbani na daktari, asimame pale, aangalie kwa macho yake mwenyewe, na atakachotoka nacho ndicho kitakachosomwa kwenye mazishi, hata kikiwa sumu.

Mugabo alikwenda hospitali, akaingia chumbani na daktari. Alipotoka alikaa kwenye ngazi za hospitali na kofia yake magotini. Madereva walimzunguka. Aliwaambia alichokiona. Nje, shingo haikuwa na jeraha lolote. Tumbo daktari alilitazama pia, na hakuona alama ya kuungua wala ya sumu. Lakini chini ya taya, upande wa kushoto, ule mshipa mkubwa unaopeleka damu kichwani ulikuwa umechanika ngozi yake ya ndani. Damu ilikuwa imejipenyeza katikati ya ngozi ya ndani na ya nje, ikavimba na kuziba njia. Donge la damu lilikuwa limekatika hapo na kupanda hadi kwenye ubongo.

"Inje nzima?" Dauda aliuliza.

"Inje nzima."

"Ndani imepasuka."

"Ndani imepasuka," Mugabo alisema.

"Basi ni tairi," Dauda alisema. "Unaiangalia, unaipiga teke, unasema iko muzuri. Kumbe mupira wa ndani umeshapasuka toka jana. Unatembea nayo kidogo, kidogo, halafu inakuangusha."

Daktari alieleza kwamba jambo hili ni nadra, lakini halina uchawi. Mshipa huo huvutika shingo inapogeuzwa au kurudishwa nyuma kwa nguvu na kwa ghafla. Limewapata wapiganaji wa mieleka na wa ngumi, na yeye mwenyewe aliwahi kuliona kwa Mzungu mmoja aliyejirusha ziwani kichwa kikiwa mbele, mahali penye maji machache. Huyo naye alicheka na kula kwa siku kadhaa kabla ya kuanguka. Kope iliyoshuka na mboni iliyosinyaa zilikuwa dalili, kwa kuwa mishipa ya fahamu ya jicho hupita kando ya mshipa huo wa damu. Épiphanie alimuuliza kama Damascène angepona endapo angefika Jumanne ileile. Daktari alisema angemlaza na kumkataza lori na mpira, na pengine angepona, pengine asingepona. Hakutaka kumdanganya. Épiphanie alimshukuru kwa hilo.

Kutoka hospitali Mugabo hakurudi Rugerero. Alishuka ziwani peke yake, kwa miguu. Vijana wa madereva walitaka kumfuata, akawafukuza. Alimkuta Twagirimana amekaa ndani ya mtumbwi uliokuwa umevutwa nchi kavu. Walichoambiana wanakijua wao wawili. Kilichoonekana ni kwamba Mugabo naye aliingia ndani ya mtumbwi akakaa, na walikaa humo mpaka jua lilipozama upande wa Goma. Hakuna aliyeusogelea mtumbwi ule kwa moto.

Leo asubuhi, kabla ya misa, wachezaji wa timu zote mbili walikutana hapa na kuamua mambo matatu. Mpira ulionyeshewa hautapigwa kwa kichwa katika kiwanja cha Gisenyi. Mchezaji atakayesikia shingo imelia, akapata maumivu ya kichwa ya upande mmoja, au kope yake ikashuka, atapelekwa hospitali siku hiyohiyo, hata kwa nguvu, na hakuna atakayemcheka. La tatu liliwekwa na Épiphanie, ingawa hajawahi kugusa mpira: atakayetaja tena neno sumu na jina la Twagirimana pamoja, atakuwa amemwita Damascène mwongo, kwa kuwa Damascène alimshika mkono rafiki yake mbele ya watu, naye hakuushika mkono wa muuaji.

Alikuwa mtu wa mzaha, mwenye haraka, mkaidi kwa mambo ya mwili wake, mwangalifu kwa mambo ya gari. Alipenda kushinda. Madeni yake ya kirafiki aliyalipa kwa wakati, isipokuwa moja: alimwahidi binti yake mkubwa kwamba siku atakapoanza shule Nyundo, atampeleka kwa lori na kupiga honi langoni. Dauda amesema deni hilo ni lake sasa.

Ameacha mama yake, Mukabalisa. Mjane wake, Épiphanie Mukandutiye. Watoto wake Verediana, Ladislas na Domitilla, ambaye ana miezi saba. Kaka yake, Mugabo. Dada yake, Mukamurenzi, aliyeolewa Mahoko. Pamoja na madereva na matanboi wa Gisenyi, na timu ya ziwani yote.

Mungu, aliyempa Damascène shingo ya kutazama mbali, ampumzishe sasa asilazimike tena kutazama nyuma.

Jeneza litabebwa kutoka hapa hadi kaburini na watu wanne: mbele Mugabo na Twagirimana, nyuma Dauda na golikipa wa timu ya madereva. Baada ya mazishi watu wote watarudi Rugerero kunawa mikono, kama ilivyo desturi. Mtungi wa pombe uliowekwa uani umeletwa na Twagirimana. Yeye hataonja. Épiphanie atakunywa wa kwanza, na Mugabo amesema atamfuata.